Laptopu iliyoamka nusu: kosa la BIOS alibebe nani?

Wiki iliyopita mwalimu mmoja alishuka na daladala kutoka Usa River, laptopu kwapani, akaniambia kioo kimekufa. Fundi wa kwanza alishamtajia bei ya kioo kipya. Niliiwasha, ikawaka vizuri tu. Nikafunga mfuniko, nikasubiri kidogo, nikafungua: feni inazunguka, taa ya herufi kubwa inaitikia kidole, kioo cheusi tii. Nikakimulika upande kwa tochi ya simu. Kwa mbali sana kikaonekana kisanduku cha nywila, kinamsubiri mwenyewe. Kioo kilikuwa kizima. Taa yake ya nyuma ndiyo haikuamka.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa maandishi. BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye bodi inayoiamsha mashine, huuliza mfumo wa uendeshaji, "wewe ni nani?", na Linux, mfumo uliomo kwenye laptopu hii, hujibu kwa majina ya Windows, kwa kuwa watengenezaji wengi wamejaribu mashine zao kwa Windows tu. Niliiamuru isiitikie jina la Windows 8. Taa ikarudi.

Fundi mwenzangu wa Kaloleni alipoona, alicheka kwa uchungu. "Unawalea hao watengenezaji." Na hoja anayo. Kanuni za ACPI, zinazoeleza jinsi mashine inavyopaswa kulala na kuamka, zilitolewa na Intel, Microsoft na Toshiba tangu 1996. Aliyeandika BIOS mbovu ndiye aisahihishe. Viraka vingi, yaani marekebisho ya kuzunguka makosa ya BIOS, ndani ya kerneli, kiini cha Linux, vimefungwa kwenye jina la modeli. Ukishakiweka kimoja, nani atathubutu kukitoa wakati mashine yenyewe haipo tena mezani kwake? BIOS ikija kusahihishwa, kiraka hichohicho chaweza kugeuka kuwa ugonjwa.

Sawa. Lakini huyo wa kusahihisha yuko wapi? Mashine nyingi zinazopita mezani kwangu ni mtumba, na kwa modeli za umri huo mtengenezaji kwa kawaida ameshaacha kutoa BIOS mpya. Hata ikiwepo, umeme ukikatika katikati ya kuiandika, bodi inaweza isiwake tena mpaka chipu iandikwe upya kwa kifaa maalumu. Betri ya mwalimu ilikuwa inashika dakika kumi. Ungethubutu?

Kisa kinachonifanya niwatetee watu wa viraka ni cha kilobaiti 64. Kompyuta inapolala usingizi wa S3, ule wa kufunga mfuniko, RAM, kumbukumbu yake ya kazi, hubaki na umeme wa kuilinda, prosesa inasahau yote. Ukiiamsha, BIOS inashika usukani kwanza, ndipo inakabidhi kwa kerneli. Mwaka 2008 ilibainika kuwa BIOS za baadhi ya mashine, katika mpito huo, zilikuwa zinachorachora ndani ya kilobaiti 64 za mwanzo za RAM, humo humo kerneli ilimoweka vitu vyake. Mashine inaamka, unafanya kazi, halafu inaanguka kwa sababu ambayo hakuna fundi angeiota. Unabadilisha RAM, wapi! Unasimika mfumo upya, wapi! Watu wa kerneli walianza na orodha ya BIOS zenye tabia hiyo, kama anavyoogopa mwenzangu. Mwaka 2010 wakachoka na majina, wakaziacha kilobaiti hizo 64 bila kuzitumia kwa kila mashine, yenye kosa na isiyo nalo. Mwaka 2021, katika Linux 5.13, wakaacha megabaiti nzima ya kwanza. Kwenye RAM ya gigabaiti 4 hiyo ni megabaiti 1 kati ya 4,096. Umewaachia mbuzi wa jirani kibaraza, ndani unalala kwa amani. Na orodha ile ya majina ikafa yenyewe.

Huko sikuiti ulezi. Mtengenezaji hakusamehewa, aliyesamehewa ni mwenye mashine, ambaye hakuandika hata herufi moja ya hiyo BIOS.

Hofu moja ya mwenzangu nimeibeba: kiraka kinachosahaulika. Kwa hiyo nimeandika mstari ule kwenye kikaratasi, nikakibandika kwa seloteipu chini ya laptopu, pamoja na tarehe na maneno haya: "Ukibadilisha BIOS, futa huu kwanza, kisha funga mfuniko ujaribu." Mwenzangu alikisoma, akaigeuza mashine, akauliza mwalimu nimemtoza shilingi ngapi.