Kugandisha uvimbe wa saratani: kinachopatikana na kinachopotea

Mgonjwa anaingia hospitali asubuhi, anachomwa sindano kwenye uvimbe, barafu inaua saratani, jioni yuko nyumbani bila kidonda cha kisu. Ndivyo tiba hii inavyosimuliwa, na kwa baadhi ya wagonjwa ndivyo ilivyo kweli. Ninaowahofia ni wale wanaopata nusu ya habari.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katikati ya karne ya 19, daktari Mwingereza James Arnott alikuwa akiweka barafu iliyopondwa na chumvi juu ya saratani za titi na za shingo ya kizazi zilizojitokeza nje. Maumivu na kutokwa damu vilipungua. Siku hizi baridi hupelekwa ndani kabisa: sindano nyembamba hupenyezwa huku daktari akiangalia picha ya altrasaundi au CT scan, kisha gesi ya argoni hutanuka ghafla kwenye ncha yake na kuishusha hadi zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Donge la barafu huanza kuota na kukua mbele ya macho kwenye skrini. Baada ya dakika kama kumi huachwa liyeyuke, halafu linagandishwa tena ili kumaliza seli zilizonusurika mara ya kwanza. Barafu hupasua seli, na mishipa midogo inayolisha uvimbe huziba.

Ila ukingo wa donge unaoonekana kwenye skrini una nyuzi 0 tu, na hapo seli ya saratani inaweza kubaki hai. Kuiua kwa uhakika kunahitaji nyuzi 20 hadi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo barafu lazima ivuke mpaka wa uvimbe kwa milimita kadhaa, na mshipa mkubwa ukipita jirani, damu yake ya moto huilinda saratani iliyo kando yake.

Hapo ndipo ilipo hasara ninayoiona kubwa kuliko zote. Uvimbe uliokatwa hupelekwa maabara, kingo zake zikapimwa kwa hadubini kuona kama kuna saratani iliyoachwa nyuma. Uvimbe uliogandishwa hubaki mwilini na kufyonzwa taratibu. Hakuna kingo za kupima. Kinachobaki ni kufuatilia kwa picha, miaka na miaka.

Watetezi wa tiba hii wana ushahidi wa kuheshimika. Utafiti wa Marekani uitwao ICE3 ulifuatilia wanawake 194 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wenye uvimbe wa titi usiozidi sentimita 1.5 na wa aina isiyo kali. Baada ya miaka mitano, saratani ilikuwa imerudi katika titi lile lile kwa takriban asilimia 4. Ni matokeo mazuri sana. Lakini hapakuwa na kundi la waliopasuliwa la kulinganisha nalo, na wengi walitumia pia dawa za homoni. Anayechukua matokeo hayo na kumpa matumaini mama wa miaka 35 mwenye saratani kali anamdanganya.

Kwenye figo, uvimbe mdogo wa chini ya sentimita 3 unatibika vizuri, na ukirudi unaweza kugandishwa tena. Kwenye tezi dume, wengi hupungukiwa nguvu za kiume, jambo linalopaswa kusemwa waziwazi kabla ya mgonjwa kutia saini. Madai kwamba barafu huamsha kinga ya mwili ikapambane na saratani iliyosambaa bado hayajathibitishwa vya kutosha.

Pamoja na hayo, siwaungi mkono madaktari wanaokataa hata kuitaja. Bibi wa miaka 80 mwenye moyo dhaifu hawezi kuhimili dawa ya usingizi ya upasuaji, lakini ganzi ya sehemu moja anaihimili. Uvimbe wake ukiwa mdogo na wa aina ya taratibu, ana haki ya kuambiwa kwamba njia hii ipo.