Meseji ya kawaida bado haijamaliza kazi Nyanda za Juu Kusini

Tangu Septemba 2024, iPhone zilipopata iOS 18, Apple imekubali RCS, mfumo wa meseji ambao simu nyingi za Android zilikuwa nao tayari. Picha ikitoka iPhone kwenda Samsung au Tecno inaweza kufika bila kufifia, na kikundi chenye simu za aina zote kikaenda vizuri. Ndiyo maana inasikika hoja, kuanzia kwa mafundi simu wa Mwanjelwa hadi kwa wafanyabiashara wa mbao Mafinga, kwamba SMS imepitwa na wakati: mwenye data atumie RCS au WhatsApp, asiye nayo aweke bando.

Hoja hiyo si ya kubeza. Parachichi za Rungwe huuzwa kwa macho; mnunuzi anataka kuona ganda, makovu na ukubwa, na maneno hayatamwonyesha. Ujumbe wa sauti humwokoa mzee anayesoma kwa shida. WhatsApp imeyafungia mazungumzo kwa usimbaji tangu 2016, yaani ni mtumaji na mpokeaji tu wanaoweza kuyasoma, ilhali SMS hupita wazi ndani ya mitambo ya mtandao, na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanaipenda hiyohiyo SMS. Ukipata meseji ya namna hiyo, ipeleke 15040.

Ila hoja nzima imesimama juu ya sharti moja, kwamba data iwe imewashwa huku na kule. Mtu wa Makete au Ludewa aliyezima data ili kutunza bando na chaji hajakosea kitu, lakini ujumbe wako wa WhatsApp utakaa na tiki moja hadi atakapoiwasha. SMS haihitaji data. Inapita kwenye njia ileile ambayo simu hutumia kuwasiliana na mnara, kwa hiyo penye 2G tupu na mnara wa kijiti kimoja, ambapo hata kupiga simu kunakatikakatika, meseji mara nyingi hupenya. Simu ya mwenzako ikiwa imezimwa, kituo cha meseji cha mtandao huishikilia na kujaribu tena. Wala haiulizi toleo la simu. WhatsApp tangu Januari 2025 haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya 5.0, wakati SMS inatoka kwenye iPhone mpya kabisa na kuingia kwenye kitochi bila kupakua chochote. Nani mwingine anaweza hivyo?

Wanaolalamika kwamba SMS ni ghali, au inafika nusunusu, mara nyingi wanalalamikia kitu ambacho hakuna aliyewaeleza. SMS moja ina nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Ukiandika kwa herufi za kawaida za GSM, mfumo wa simu za mkononi, ambazo kila moja inachukua biti 7, zinaingia 160. Ukiweka hata alama moja isiyo kwenye orodha hiyo ya GSM, meseji nzima inageuzwa kuwa ya biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu kila kipande hubeba maelezo ya kukiunganisha na wenzake.

Emoji inafahamika kwa kosa hilo. Isiyofahamika ni ritifaa. Kiswahili chetu kinaihitaji kwenye ng'ombe, ng'oa, ng'ambo. Ritifaa iliyonyooka (') ipo kwenye orodha ya GSM, iliyopinda (’) haipo. Kibodi ya iPhone inaweza kuipinda yenyewe ili ipendeze, na maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye nyaraka huja nayo imeshapinda. Chukua meseji hii ya mfanyabiashara kwa mwenzake wa Mbeya mjini:

"Shikamoo mzee, ng'ombe 6 wamepakiwa Chimala saa 4 asubuhi. Gari ni Fuso nyeupe, dereva atakupigia akifika Uyole. Hela ya kushusha mpe yeye."

Ni herufi 139 pamoja na nafasi. Ritifaa ikiwa imenyooka, ni SMS moja, na bado zimebaki herufi 21. Ikipinda, zinakuwa SMS tatu: 67, 67, na ya tatu yenye herufi tano tu, "yeye" na nukta yake. Bando limepungua tatu kwa alama moja ambayo mwandishi hata hakuiona ikibadilika. Na kwa kuwa vipande ni vitatu, kimoja kikichelewa, simu nyingine husubiri hadi vyote vitimie na nyingine huonyesha vipandevipande. Huko ndiko meseji nusu zinakotoka.

Dawa ni ya dakika moja. Kwenye iPhone ingia Settings, General, Keyboard, uzime Smart Punctuation. Kwenye programu ya Google Messages, ndani ya mipangilio ya ziada, washa kipengele cha kutumia herufi rahisi. Samsung yenye programu yake ya meseji ina sehemu ya Input mode. Chagua GSM alphabet. Meseji ulizozihifadhi ili kuzituma tena ziandikwe upya, maana ritifaa iliyokwisha kupinda hainyooki yenyewe.

Hitilafu nyingine inayobebeshwa SMS wakati si yake ni ya mtu aliyeuza iPhone akahamishia laini kwenye Android. Wenye iPhone wakimwandikia, simu zao bado zinaamini namba ile iko iMessage, huduma ya Apple ya kutumiana ujumbe kwa intaneti, ujumbe unakwenda huko na hamfikii. Kabla ya kutoa laini, iOS 18 inataka uingie Settings, Apps, Messages, uzime iMessage. Kama simu imeshaondoka, Apple wana ukurasa wa kuiondoa namba: unaiandika, unatumiwa msimbo kwa SMS, unaujaza. Anayekutumia naye awashe Send as Text Message kwenye iPhone yake. Jambo la kuangalia kwa anayewasha iMessage ni kwamba simu hutuma SMS ya siri nje ya nchi, ambayo inaweza kukata salio la kawaida. Uwe na vocha, usitegemee bando peke yake.

RCS yenyewe, kwa wenye data ya uhakika, ni nzuri na inafaa kuwashwa. Kwenye iPhone iko palepale Messages. Kama simu ina iOS 18 na huioni RCS Messaging, huenda ni kwamba mtandao wako haujaifungulia simu hiyo. Kwenye Android, angalia kama hali yake inasoma imeunganishwa, kisha ruhusu ujumbe uliokwama ujitume wenyewe kama SMS. Bila ruhusa hiyo, ukimwandikia aliyezima data utasubiri.

Kwa mzigo unaotoka Makambako au Ilula usiku, picha ziende WhatsApp, na idadi ya magunia, bei, namba ya gari na saa ya kuondoka viende kwa SMS, vikitangulia ndani ya herufi 67 za mwanzo, ili simu inayoonyesha vipandevipande, hata vya nyuma vikichelewa, iwe imeshampa mpokeaji mambo ya msingi.