Steringi hafi, tumeshasikia!

Jamani, nimelipa kiingilio changu kibanda umiza, hapa Chikongola, nimebanwa kwenye benchi la mbao na joto la Mtwara mnalijua. Nataka muvi tu. Nyuma yangu jamaa wawili: Jackie Chan na Jet Li, nani mkali? Bishaneni basi, ila nje! Mmoja akaapa kabisa kwamba Bruce Lee ndiye aliyemfundisha Jackie. Kumfundisha wapi? Kwenye Enter the Dragon ya 1973 Jackie ni kijana wa kupigwa tu, anakamatwa nywele, anavunjwa shingo, kwisha habari yake. Nikamwambia. (Mdomo wangu huu nao!) Hapo ndipo nilipojiponza, kibanda kizima kikaingia. Mara Kanumba, yule muigizaji wetu wa Bongo, angewafunika wote. Kaka wa watu katutoka tangu Aprili 2012, bado mnampiganisha na Wachina?

Lakini hao afadhali. Kuna huyu aliyeshaiona picha: “Subirini, mzee huyo ndiye adui.” Umetumwa? Na muuza korosho naye anapita mbele ya skrini, anadai chenji.

Nilipogeuka kutazama, majina yanapanda.