Legeza taya kwanza, sauti itakuja

Mwaka ule, Mkesha wa Pasaka, nilipewa wimbo wa katikati. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi wiki nne. Nota nilizijua, na maneno ningeweza kuyasema hata usingizini. Ubeti wa tatu, pale wimbo unapopanda, nikainua kidevu, nikapandisha mabega, nikakaza shingo. Sauti ikakatika mbele ya kanisa zima.

Mwalimu wetu wa wakati huo alikuwa na dawa moja tu: "Ongezeni nguvu!" Teno hawasikiki? Ongezeni nguvu. Soprano wanashuka? Ongezeni nguvu. Nami niliongeza miaka na miaka, na kila nilivyoongeza ndivyo koo lilivyozidi kuwasha. Jumatatu baada ya misa nilikuwa naongea kwa kukwaruza kama mtu mwenye mafua. Leo mimi mwenyewe nafundisha kwaya, na msimamo wangu ni huu: amri hiyo imeharibu sauti nyingi nzuri kuliko kukosa kipaji.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja, alto wa siku nyingi, aliyekuja kutusaidia mazoezi. Alinisikiliza, akasema, "Mwanangu, weka kidole gumba chini ya kidevu, pale palipo laini. Haya, meza mate." Nikameza, nikahisi msuli unakisukuma kidole kwa chini. "Sasa imba ile nota yako ya juu." Nikaimba. Msuli ukasukuma vilevile, tena kwa nguvu zaidi.

Kumbe nilikuwa naimba kama mtu anayemeza! Na mwili unapomeza, kikoromeo hupanda na njia ya hewa hufungwa ili chakula kisiingie mapafuni. Hewa ninayoitoa kifuani inakutana na mlango ninaoufunga mwenyewe. Hapo ukiongeza nguvu, unachoongeza ni msuguano tu.

Jaribu na wewe kipimo hicho cha kidole sasa hivi, ukiwa umekaa hapo hapo. Shina la ulimi limeshikana na kifupa kidogo kilicho juu ya kikoromeo, kifupa ambacho hakijaungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Kinaning'inia kwenye misuli na kano tu, na kikoromeo kinaning'inia chini yake. Ndiyo maana ukiuma meno, ulimi unakaza, na ulimi ukikaza kikoromeo kinavutwa.

Wapo wanaoniambia kulegea ni uvivu, kwamba kanisani mtu husimama wima kwa heshima. Kusimama wima sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni magoti yaliyofungwa kama gwarideni, faili la nyimbo lililokamatwa kama usukani wa daladala, na tumbo lililoingizwa ndani. Tena sisemi kila kitu kilegee. Itazame ngoma: ngozi huwambwa ikakaza, hata hupashwa moto ili ilie vizuri, lakini mzinga wake ni mtupu. Hakuna anayeujaza mzinga matambara akitarajia mlio. Nyuzi za sauti ndiyo ngozi yetu, na ni kazi yake kujinyoosha nota inapopanda. Shingo, taya na mabega hazikuitwa kwenye kazi hiyo.

Frederick Matthias Alexander, mzaliwa wa Tasmania mwaka 1869, aliishi kwa kughani mashairi jukwaani, kisha sauti ikaanza kumtupa katikati ya kazi. Alijitazama kwenye vioo kwa muda mrefu mpaka akagundua kwamba kila alipofungua kinywa kughani, alivuta kichwa nyuma na kukibana kikoromeo. Hakuwa anajua kabisa. Hilo ndilo linalonigusa kwake, kwa sababu mkazo ukishazoeleka mwili hauusikii tena. Kwa hiyo nimeweka kioo kwenye chumba chetu cha mazoezi.

Na hapa kwetu? Bi Kidude aliimba hadi uzee wa kupindukia, na mara nyingi mikono yake ilikuwa kwenye ngoma. Mama zetu walitwanga huku wakiimba, mchi ukipanda na kushuka. Huwezi kufunga magoti ukitwanga, wala huwezi kubana pumzi. Mwili uliokuwa kazini haukupata nafasi ya kulisumbua koo. Sisi tukaja kuwasimamisha watu kama nguzo, kisha tunashangaa.

Kuhusu ndimu, tangawizi na mayai mabichi kabla ya misa, nitasema kwa kifupi: unachomeza kinapita njia ya chakula, hakizigusi nyuzi za sauti. Kunywa maji siku nzima. Wanakwaya wangu huanza kwa kutetemesha midomo kama watoto wanaoiga pikipiki, kisha huvumisha sauti ndani ya mrija wa soda, kwa sababu hewa inayozuiwa kidogo na mrija huzisaidia nyuzi kutetema bila kugongana kwa nguvu.

Jumatano iliyopita niliwaambia soprano waweke mafaili chini, washike mchi wa kufikirika, watwange huku wakiimba kiitikio. Binti mmoja, ambaye hukunja uso kila akifika juu, alipita pale pagumu akanyamaza ghafla, mkono kooni. "Mwalimu, mbona leo hapaumi?" Tukarudia, tukarudia tena, hadi mlinzi akaja kutukumbusha kwamba anataka kufunga geti.