Dawa mpya ni jambo jema, lakini mgonjwa afike mapema

Nashukuru kwa taarifa ya utafiti wa MATTERHORN wa mwaka 2025, ulioonyesha kwamba durvalumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ikiongezwa kwenye tibakemikali ya FLOT (mchanganyiko wa dawa nne) kabla na baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo, wagonjwa wapatao asilimia 67 hufikisha miaka 2 bila ugonjwa kurudi wala kuendelea, ilhali kwa FLOT pekee ni kama asilimia 59. Ni hatua kubwa kweli. Hata hivyo, walioshiriki ni watu ambao uvimbe wao ulikuwa bado unaweza kuondolewa, na hapa Tanzania wengi hufika hospitalini saratani imeshasambaa, baada ya kununua omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, duka la dawa kwa miezi mingi wakidhani ni vidonda vya tumbo tu. Mtu anayekonda, anayeshiba kwa matonge mawili na kupata choo cheusi kama lami, apelekwe haraka kwenye endoskopi, kipimo cha kuangalia ndani ya tumbo kwa kamera. Naomba pia watafiti wetu wachunguze ni antibiotiki zipi bado zinamuua bakteria Helicobacter pylori, aliyetambuliwa tangu 1994 kuwa chanzo cha saratani hii.