Dola 50 za usafi

Jumatatu asubuhi, harusi imekwisha, wageni wamerudi kwao, mimi bado nina usingizi wa siku tatu machoni, simu ikalia. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwenye nyumba: “Habari Papa. Katika garanti yenu natoa dola 50 za usafi. Zinazobaki nitatuma jioni.” Hakuna picha, hakuna maelezo.

Hapa Lubumbashi, Kongo, watu wengi wanaoa wakati wa kiangazi, mvua isije ikaharibu sherehe. Mwezi wa nane mdogo wangu alikuwa anaoa, na yaya wetu, yaani dada yetu mkubwa, alitoka Kolwezi na mume wake na watoto watatu. Nyumba yangu ya Katuba ilikuwa imejaa watu mpaka barazani. Basi tukawatafutia nyumba ya siku chache kule Bel-Air, kupitia komisioneri, yaani dalali: dola 60 kwa kila usiku, siku tatu, na garanti ya dola 100, pesa ya dhamana inayorudishwa mkitoka. Juu ya usafi hakuna mtu aliyetamka neno. Nilirudia kusoma mazungumzo yote kuanzia salamu ya kwanza. Tuliongea maji, tuliongea umeme, tuliongea mahali pa kuegesha gari. Usafi hapana.

Nikamuuliza: usafi wa nini? Akajibu kwamba nyumba ilikuwa imejaa vumbi, jikoni kunanuka samaki, shuka zimebadilika rangi, kochi lina doa.

Tuanze na vumbi. Anayeishi Lubumbashi anajua kwamba vumbi jekundu la mwezi wa nane halina mwenyewe. Barabara inayopita mbele ya nyumba ile haina lami, malori yanapita mchana na usiku, na madirisha yake hayafungi vizuri. Ukipangusa meza saa mbili, saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake. Kumdai mgeni pesa ya vumbi hilo ni sawa na kumdai pesa ya upepo. Samaki? Nyumba yenye jiko, sufuria na sahani sita inapangishwa ili watu wapike. Hawakuwasha mbabula, lile jiko la makaa, ndani, walitumia jiko lake la umeme, umeme ulipokuwepo. Shuka za watu watano waliolala siku tatu zinafuliwa, na kazi hiyo iko ndani ya zile dola 180 walizolipa, vinginevyo sijui walikuwa wanalipia nini.

Kochi, hapo nanyamaza. Mtoto wa yaya alikula bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) mbele ya televisheni, sahani ikainama, na mafuta ya mawese yakashuka kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa. Mawese hayaombi msamaha. Lile doa lilikuwa letu.

Lakini kilichoniumiza zaidi ya pesa ni jinsi yaya alivyopokea habari. Nilimpigia kumwambia kwamba nataka kubishana. Akashtuka. “Lipa tu,” akasema, “wasije wakasema tumeacha uchafu.” Huyu ni mwanamke ambaye siku ya kuondoka aliamka kabla ya watu wote, akafagia, akapangusa sakafu, akaosha sufuria ambazo hata hakuzitumia, akakunja mablanketi kwa pembe. Mwenye nyumba alipoandika neno “usafi”, yaya hakusikia bei, alisikia tusi. Kwetu kumwambia mama wa watu kwamba ameacha nyumba chafu si jambo dogo, neno hilo linafika mpaka kwa wakwe. Nadhani ndiyo sababu malipo ya namna hii yanalipwa upesi kuliko mengine yote. Ungemwambia mtu “nakuongezea dola 50 ya kodi,” angecheka na kukata simu. Mwambie “ulichafua,” atatafuta pesa ili uache kusema. Wanaodai wanajua hivyo, na hata asiyejua ameshaona kwamba inafanya kazi.

Kwa hiyo nasema wazi ninavyofikiri: malipo ya usafi yanayotajwa baada ya ufunguo kurudishwa ni bei mpya ya nyumba, imevalishwa aproni. Kama umechafua kweli, lipa ulichochafua. Kilichobaki usikilipe hata kama unazo.

Nilifanyaje? Kwanza sikupiga simu. Simu ingeleta ugomvi, na baada ya ugomvi kila mtu angekumbuka maneno yake mwenyewe. Niliandika. Nilimsalimu kwa heshima, Papa kwa Papa, nikamwomba vitu vitatu: mahali tulipokubaliana malipo ya usafi, picha za uchafu wenyewe, na hesabu inayoonyesha dola 50 zimegawanyika vipi. Alituma picha mbili. Moja ya kochi, sawa. Nyingine ya pazia la sebuleni, limegeuka rangi ya udongo kuanzia katikati mpaka chini.

Hapo yaya akatuokoa bila kujua. Siku waliyofika alizunguka nyumba nzima na simu mkononi, anamrekodia mama mkwe wake video, amwonyeshe wamefikia pazuri. Dakika nne za “hapa ni chumba cha watoto, hapa ni bafu.” Na katika dakika ya pili, lile pazia, lina rangi ileile ya udongo, siku tatu kabla ya sisi kulichafua. Nilimtumia mwenye nyumba video hiyo. Alinyamaza mpaka kesho yake. Tangu siku hiyo nikichukua nyumba narekodi video wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, kochi, mapazia, sinki, ndani ya friji, na naituma kwa mwenye nyumba palepale ili WhatsApp yenyewe iandike saa. Wala haihitaji maneno ya ukali. “Tumefika salama, asante, hii hapa nyumba tulivyoikuta.”

Kesho yake akaja na neno “desturi”. Ni desturi yetu, Papa. Sasa, desturi ya nani? Kwa sheria yetu ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni nzee kuliko mji wenyewe (Lubumbashi ilianzishwa 1910), kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Sheria hiyohiyo inamtaka anayedai deni alithibitishe. Sikumtajia vifungu, ningeonekana namtishia na mahakama kwa sababu ya kochi. Nilimwambia tu: “Papa, tuliyokubaliana yako hapo juu kwenye mazungumzo, tuyasome pamoja.”

Wanaochukua nyumba kupitia Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba za siku chache, wana njia yao, na inafaa kuijua. Huko mwenye nyumba anajipangia malipo ya usafi, lakini lazima mgeni ayaone kabla ya kulipa. Tangu Aprili 2025 bei inayoonyeshwa wakati wa kutafuta ina malipo hayo tayari ndani yake. Akitaka kukudai zaidi, kwa uharibifu au uchafu uliopita kiasi, ana siku 14 kuanzia ulipotoka, nawe unapewa saa 24 za kujibu. Usipojibu, au ukikataa, anaweza kuwaita Airbnb waamue. Ndugu zetu wengi wanakosea hapo, wanakasirika na kunyamaza. Jibu hata kama ni kukataa, na jibu ndani ya mfumo wao, si pembeni kwa WhatsApp. Marekani serikali yenyewe iliingilia, na kanuni iliyoanza kazi tarehe 12 Mei 2025 inawalazimisha wenye nyumba za siku chache kutangaza bei kamili, pamoja na malipo yote ya lazima. Sisi wa komisioneri na WhatsApp hatuna mwamuzi wa kumwita. Tuna yale tuliyoandika, basi.

Si kwamba wenye nyumba wote ni wezi. Rafiki yangu anapangisha nyumba mbili mtaa wa Golf, na ameniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, ya bia kwenye godoro na mengine. Maji yakikatika ananunua kwa bidoni, yaani madumu, anabebesha watu. Usafi una gharama, sibishi. Lakini yeye anaandika mapema: dola 20, mara moja tu, haijalishi siku. Hapo mgeni anapiga hesabu yake. Nyumba ya dola 60 ukilala usiku mmoja inakuwa ya dola 80, na ukilala siku kumi inakuwa ya dola 62 kwa siku. Unaweza kukubali, unaweza kwenda kwingine. Heshima ni hiyo.

Tulimaliza hivi. Nilimwita kijana anayeosha makochi karibu na kwangu, akaangalia picha, akasema dola 15. Nikamwandikia mwenye nyumba: za kochi chukua 15, nirudishie 35. Alikubali siku ya tisa, baada ya kunikumbusha mara mbili kwamba yeye ni mkristo.

Siku nilipompeleka yule kijana Bel-Air kufanya kazi, mwenye nyumba hakuwepo. Sentineli, mlinzi wa geti, alitufungulia. Nyuma ya nyumba nikamkuta mama mmoja ameinama juu ya mabeseni mawili, anafua shuka. Tukasalimiana, nikamuuliza kama ndiye aliyesafisha baada yetu. Ndiye. “Mliacha vizuri,” akasema, “hata sufuria mliosha.” Nikamuuliza, samahani mama, kazi ya nyumba nzima wanakupa ngapi? Akacheka kidogo, akatazama upande wa geti.

“Fransi 10,000,” akasema. “Na sabuni naleta mwenyewe.”

Haifiki dola tano.

Mwezi wa kumi na mbili yaya anakuja tena, safari hii kuona mtoto. Juzi nilimwandikia mwenye nyumba mwingine, upande wa Kampemba, komuni yenye Bel-Air: bei kamili ni ngapi, usafi ukiwa ndani, na anayesafisha analipwa ngapi? Swali la mwisho hakulijibu. Yale mengine alijibu vizuri: dola 70, usafi ndani, maji yakikatika wanaleta bidoni. Nikampelekea yaya picha.

“Ni pazuri,” akaandika. “Mwambie atume picha ya mapazia.”