Huzuni ya Korongo au ya Mtazamaji?

Mchoro wa mnyama uliochorwa kwa uhalisia una mtego wake: kila unyoya unapofanana na ule wa porini, mtazamaji huamini upesi kwamba hata hisia anazoziona ni za mnyama mwenyewe. Tuchukue mchoro wa kalamu ya risasi unaomwonyesha korongo taji akiwa peke yake, amesimama kwa mguu mmoja na kuinamisha shingo, na mbele yake pana visiki vichache vya matete yaliyokatwa. Raia wa Uganda, aliyemzoea ndege huyo katikati ya bendera tangu utotoni, huenda akasema papo hapo kwamba ni nchi iliyoinamisha kichwa.

Tafsiri hiyo ina mashiko. Bendera iliyopandishwa Oktoba 9, 1962 inamwonyesha korongo akiwa ameinua mguu mmoja, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mguu huo ni ishara ya taifa linalosonga mbele. Anayemchora ndege yuleyule akiwa ameinama hawezi kudai kwamba hakujua anagusa nini. Tena kwa watu wa ukoo wa Ng'aali katika Buganda ndege huyu ni muziro, yaani mwiko wa ukoo, haliwi, na picha yake haitazamwi kama picha ya kuku.

Hata hivyo, wanaopinga wana hoja nzito zaidi kuliko wanavyodhaniwa. Korongo, kama ndege wengi wenye miguu mirefu, husimama kwa mguu mmoja anapopumzika. Huinamisha shingo anapotafuta wadudu na mbegu, na huiinamisha pia anapocheza ile ngoma yake maarufu ya kuruka na kutandaza mabawa, kwa hiyo mkao tunaouita wa majonzi unaweza kuwa wa mlo au wa shangwe. Upweke nao ni shaka, maana ndege hawa huishi wawiliwawili, na huenda mwenzake yuko hatua chache nje ya ukingo wa karatasi. Hata giza la picha lina sababu nyepesi: nyeusi, njano na nyekundu za bendera zimo zote katika kichwa cha korongo, lakini kalamu ya risasi huzigeuza zote kuwa kijivu. Sehemu ya huzuni hiyo, basi, imetoka dukani pamoja na kalamu.

Kwa maoni yangu, ishara itafutwe katika yale ambayo mchoraji angeweza kuyaacha au kuyafanya vingine, wala si katika umbile la mnyama. Sungura aliyechorwa na Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1502 anasifiwa kwa manyoya yake, lakini manyoya hayo hayatuambii lolote kuhusu hali ya moyo wake. Kinachofikirisha ni taswira ya dirisha katika jicho lake, kwa kuwa sungura hazaliwi na dirisha jichoni.

Kwa kipimo hicho, shingo ya korongo wetu haithibitishi kitu, ilhali vile visiki vya matete vinasema. Ndege huyu hujenga kiota katika vinamasi, na tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni kukaushwa kwa vinamasi hivyo ili vilimwe. Mchoraji aliyeliacha anga tupu, asichore kilima wala maji, kisha akatumia muda kuchora visiki, ameamua jambo. Atakayejibu kwamba amenakili picha ya kamera hajaibomoa hoja, maana kuichagua picha hiyo na kuikata ukingo nako ni uamuzi, ingawa ushahidi wake ni dhaifu zaidi. Pingamizi ninaloliona gumu ni jingine: matete hukatwa pia kwa ajili ya kujengea uzio, na yaliyokatwa hivyo huota tena. Mchoro hauonyeshi kama chini ya visiki pana tope au mtaro wa kukaushia, na kwa sababu hiyo naikubali tafsiri ya kinamasi kinachotoweka, lakini si kwa uhakika ule wa wanaouona msiba wa taifa zima katika shingo ya ndege.